Kumtunza Mwimbaji, Kuutunza Msitu: Elfu Ishirini Yako Iende Wapi?

Ukikaa kwenye taarabu utaliona mara kumi kabla usiku haujakatika. Mama ananyanyuka kitini, gauni linafagia sakafu, noti ameinyoosha kwa vidole viwili juu ya kichwa. Anasogea nayo taratibu akifuata mdundo mpaka mbele ya mwimbaji, anamwekea mkononi, anarudi kukaa. Hapo amemtunza. Hakumpa mtu wa kati ampelekee, wala hakuambiwa itafika wiki ijayo. Ukumbi mzima umeona noti ilikotoka na ilikofika.

Lugha yetu inatumia neno hilohilo kwa msitu: msitu nao tunautunza. Tamasha la wazi linaloandaliwa kuchangia uhifadhi linaahidi yote mawili kwa kiingilio kimoja, kwamba umemtunza mwimbaji na umeutunza msitu. Mimi ni mtu wa Posta, jijini Dar es Salaam. Mshahara ukitoka, natenga kidogo cha kuburudika, na swali langu ni la mnunuzi yeyote. Nikiwa na shilingi 20,000 za Jumamosi, ni njia ipi itanipa muziki wa kushiba na wakati huohuo ifikishe kitu msituni? Nimelinganisha njia nne.

Kwanza, msitu wenyewe

Kwa sisi wa Posta na Kariakoo, msitu wa jirani ni Pugu-Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, mkoani Pwani. Una takriban hekta 7,000 na uko kilomita ishirini na kitu tu kutoka katikati ya jiji. Leo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Ni mabaki ya misitu ya pwani iliyokuwa mikubwa zaidi. Kuna mti ambao wataalamu wameuita Millettia puguensis kwa sababu ya Pugu hii hii, na kuna komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku anayeishi katika misitu michache sana ya pwani ya Tanzania, huu ukiwa mmojawapo.

Historia yetu pia imepita huko. Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha shule ya Pugu, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa akitembea kwa miguu hadi Kariakoo kwa shughuli za siasa. Maji nayo yanafuata safari kama hiyo. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unakatiza jiji, unapita Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Kila mwenye duka Kariakoo anajua Jangwani ikijaa maana yake nini: barabara imefungwa, mabasi ya mwendokasi yamesimama, mteja hafiki. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya kulishughulikia bonde hilo. Msitu wa juu ukiisha, fedha zote hizo zitakuwa zinapambana na maji yanayoshuka kwa kasi kutoka kwenye vilima vilivyobaki uchi.

Na mkaa? Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikichoma karibu tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake ikiishia Dar es Salaam. Kwa hiyo mwenye kuchangia msitu na mwenye kuumaliza mara nyingi ni mtu mmoja, anayenunua sado ya mkaa asubuhi na tiketi ya tamasha jioni. Nasema hivyo nikijihesabu na mimi.

Njia ya kwanza: kiwanja cha wazi, kiingilio bure

Viwanja vya Mnazi Mmoja, vilivyo katikati ya Posta na Kariakoo, ndivyo mfano wake. Unatoka dukani, unavuka barabara, umefika. Nauli hakuna, tiketi hakuna. Watu wanakuja na watoto, muuza maji yupo, muuza karanga yupo. Kwa kukusanya umati wa kila aina hakuna njia inayoishinda hii, na umati ni mtaji. Asiyejua Pugu iko wapi ataondoka akijua.

Ila bure nayo ina mwenye kuilipia. Jukwaa, spika, jenereta na bendi vimelipiwa na mdhamini, na mdhamini amelipia jina lake lionekane. Hilo si kosa. Uliza tu kama kuna fungu lililotengwa kwa msitu nje ya gharama za kutangaza jina. Kama lipo, mshereheshaji atalitaja jukwaani. Kama halipo, umehudhuria burudani nzuri ya bure, na mchango wako kwa msitu bado uko mfukoni.

Hapo ndipo elfu ishirini inapopata kazi. Toa 5,000 kwa maji na kitafunio, na 15,000 iliyobaki itie kwenye mchango wenyewe, mradi ujue unaingia akaunti ya nani. Ukifanya hivyo, njia ya bure inaweza kuupa msitu zaidi kuliko tiketi ya bei kubwa.

Njia ya pili: bustani yenye kiingilio

Hii ni ile ya viti vilivyopangwa, taa kwenye miti, bendi inayopiga ala kwa mikono. Jiji letu lina mahali pa namna hiyo, kuanzia nyua za vituo vya utamaduni vya Upanga hadi Nafasi Art Space kule Mikocheni. Sauti ni safi, vyoo vipo, na kama unapenda dansi la kale kwa ile hisia ya bendi ya Sikinde pale DDC Kariakoo, hapa utasikiliza vizuri.

Swali ni noti yako inagawanywaje. Tufanye hesabu ya mfano. Tiketi ni 20,000, wamekuja watu 300. Mlangoni zimeingia milioni 6. Mwandaaji akiwa amesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, ile ya asilimia 18, humo ndani mna 915,254 za serikali. Zimebaki 5,084,746. Sasa lipa jukwaa, vipaza sauti, jenereta na mafuta yake, wasanii, mafundi mitambo, walinzi, usafi, na vibali. Tuseme jumla ni milioni 4.8. Kilichobaki ni 284,746. Gawa kwa tiketi 300: kila aliyelipa 20,000 ameufikishia msitu shilingi 949.

Hakuna aliyeiba katika hesabu hiyo. Muziki wa wazi ni ghali, na msanii anastahili kulipwa. Lakini angalia maneno yaliyoandikwa kwenye tangazo. Likisema "faida yote itakwenda kwenye uhifadhi wa misitu," jua kwamba faida ni kile kinachobaki baada ya kila mtu kulipwa, na huenda kisibaki kitu. Likisema "shilingi 3,000 ya kila tiketi ni ya msitu," mambo ni tofauti kabisa. Kwa watu wale wale 300, msitu unapata 900,000, mwandaaji apate faida asipate. Msitu umewekwa kwenye orodha ya wanaolipwa, pamoja na mpiga gitaa na mwenye jenereta.

Mimi hupita tangazo la kwanza na kununua la pili, hata kama la pili lina bendi isiyo na jina kubwa.

Njia ya tatu: kuufuata msitu kwao

Kisarawe iliwahi kulifanya hili waziwazi. Jokate Mwegelo alipokuwa Mkuu wa Wilaya hiyo, lilianzishwa tamasha la Ushoroba, lenye shabaha ya kuutangaza msitu wa Pugu-Kazimzumbwi na vivutio vya wilaya. Ushoroba ni mapito ya wanyama kutoka eneo moja hadi jingine, na jina hilo lilitosha kumfundisha mtu wa mjini somo moja la uhifadhi kabla hajafika.

Kwa mkazi wa Posta, gharama ya kufika imeshuka sana tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024. Nauli iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kutoka Dar es Salaam hadi Pugu ni shilingi 1,000 kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Stesheni yenyewe iko jirani na Gerezani. Kutoka Kariakoo unakwenda kwa miguu. Baba, mama na watoto wawili wanakwenda kwa 3,000 na kurudi kwa 3,000. Katika elfu ishirini imebaki 14,000 ya bajaji, maji, na sehemu ya kiingilio cha hifadhi. Mtu mmoja anabaki na 18,000.

Mambo matatu ya kuzingatia. Beba kitambulisho, maana tiketi ya treni inakihitaji. Angalia saa ya treni ya kurudi kabla hujaondoka, la sivyo utarudi kwa daladala ya Kisarawe hadi Gongo la Mboto, ubadilishe tena. Na chagua shughuli ya mchana. Onesho linaloisha saa nne usiku litakula akiba yako yote kwenye teksi.

Mchana unaufaa msitu pia. Komba hutoka usiku na popo wa mapango ya Pugu hali kadhalika, na spika kubwa zikivuma gizani, wageni wa msitu wanawavuruga wenyeji wake. Tamasha linalojali litakaa pembeni ya msitu, si ndani yake, litatumia ngoma, marimba na sauti za watu kuliko mitambo, na litamalizika kabla ya magharibi. Ukiona tangazo la disko la kukesha katikati ya hifadhi, iweke noti yako mfukoni.

Faida ya njia hii haiandikiki yote kwenye risiti. Mtoto aliyelala Kariakoo maisha yake yote anasimama chini ya mti ambao hakuna aliyeupanda, anasikia hewa ikibadilika usoni. Ukimwambia maji ya Jangwani yanaanzia huku, anaelewa.

Njia ya nne: kutoa bila tamasha

Kuna watakaosema muziki wa nini, tuma pesa moja kwa moja. Wana hoja. Shilingi 20,000 nzima inaweza kwenda kwa asasi inayofanya kazi hiyo kila siku. Shirika la TFCG linahifadhi misitu ya asili tangu 1985, na MJUMITA ni mtandao wa jamii zinazosimamia misitu vijijini. WCST, chama kilichoanzishwa 1988, kilifanya kazi na vijiji vinavyopakana na Pugu na Kazimzumbwi.

Kuna pia njia inayoshika muziki na miti kwa pamoja. Mwaka 2010 huko Moshi ulianza mradi wa Clarinets for Conservation, ambao baadaye ulijulikana kama Daraja Music Initiative. Wanafunzi wanajifunza kupiga klarineti, na wanapanda mpingo, mti ambao klarineti hutengenezwa kwao. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa. Mtoto anayeupanda anajua ala ya mti huo itapigwa na wajukuu. Kule Kilwa, vijiji vinavyomiliki misitu yake ya hifadhi vimekuwa vikivuna mpingo kwa mpango, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kubaki na mapato ya msitu wake.

Upungufu wa njia ya nne ni kwamba unatoa peke yako. Ukishatuma, jirani hakuona, mtoto hakuuliza, na mwaka ujao huenda ukasahau. Tamasha linakusanya watu, na jambo lililofanywa na watu wengi linakumbukwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa noti

*Msitu gani?* "Kuchangia mazingira" haitoshi. Tangazo litaje msitu kwa jina na kazi itakayofanywa, iwe ni doria, mipaka, mizinga ya nyuki kwa vijiji vya jirani, au kitalu cha miche.

*Pesa inaingia wapi?* Malipo ya serikali, ikiwemo TFS, yana namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Asasi ina akaunti yenye jina lake. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi upeleke mchango, kataa kwa adabu.

*Miche itapandwa lini?* Hili nimelijifunza kwa uchungu. Niliwahi kununua tiketi ya tamasha lililoahidi mti mmoja kwa kila tiketi. Ilikuwa Agosti, anga safi, muziki mtamu. Mlangoni kila mmoja alipewa mche ndani ya kiriba cheusi. Wangu niliubeba mapajani mpaka nyumbani. Kesho yake nilipita pale nikakuta miche imerundikwa kando ya geti, majani yamejikunja, udongo ndani ya viriba umepasuka kama ukoko. Kwenye hesabu ya mwandaaji kila mmoja ulikuwa mti.

Muziki wa wazi unapenda kiangazi, mche unapenda mvua. Jukwaa la Agosti halina budi kuwa na siku ya pili ya kupanda, kwenye vuli kuanzia Oktoba au kwenye masika kuanzia Machi. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili, na haikuwekwa katikati ya masika kwa bahati. Tiketi nzuri ya msitu ina tarehe mbili, ya kucheza na ya kupanda. Kwa msitu wa asili kama Pugu, kuulinda uote wenyewe mara nyingi ni bora kuliko kuupandia miti ya kigeni, kwa hiyo usidharau tamasha linalolipia doria badala ya miche.

*Chakula kinapikwa na nini?* Tembea mpaka nyuma ya mahema. Ukikuta magunia ya mkaa yamesimama ukutani na moshi wa mishkaki unapanda kuelekea kwenye bango la "Okoa Misitu," mwite mwandaaji umwonyeshe. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia 31 Januari 2024, na mkakati wa taifa unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Tamasha la watu 300 linaweza kuwakodishia mama lishe majiko ya gesi kwa siku moja. Wengine watanogewa, watabaki nayo.

*Ripoti itatoka lini?* Kenya wana mfano mzuri wa kuwaonyesha wachangiaji kazi iliyofanyika. Mashindano ya magari ya Rhino Charge yalianza 1989 ili kuchangia uzio wa kuulinda msitu wa Aberdare. Uzio ulikamilika 2009, karibu kilomita 400. Wachangiaji waliweza kwenda kuushika kwa mkono, ndiyo maana waliendelea kuchangia miaka ishirini.

Kwa kifupi

- *Kiwanja cha bure:* kinamfaa mwenye familia kubwa na muda mfupi. Muziki unategemea mdhamini. Msitu unapata kile utakachotoa wewe mwenyewe.
- *Bustani yenye kiingilio:* kwa wapenzi wa muziki na vikundi vya ofisini. Nunua pale tu fungu la msitu lilipotajwa kwa shilingi kwa kila tiketi.
- *Kisarawe kwa treni:* nauli ya kwenda na kurudi ni 2,000 kwa mtu mzima. Thamani yake kwa watoto haina mfano. Chagua mchana.
- *Kutoa moja kwa moja:* karibu noti nzima inafika. Muziki hakuna, umati hakuna.

Kama ni mimi, elfu ishirini yangu naigawa. Nakwenda Pugu kwa treni Jumamosi yenye ngoma ya mchana, narudi nikiwa nimetumia chini ya nusu, na iliyobaki naiingiza kwenye akaunti yenye jina, risiti naitia kwenye pochi. Ikikosekana shughuli ya Pugu mwezi huo, nakwenda kiwanja cha bure na kufanya vivyo hivyo. Tiketi ya bustani naiweka kwa siku ambayo mwandaaji amekubali kuutaja msitu kati ya wanaolipwa.

Tusione haya kuuliza. Yule mama wa taarabu haonekani mchoyo kwa kutaka noti yake ifike mkononi mwa mwimbaji mbele ya watu. Hiyo ndiyo heshima ya kutunza. Msitu hauna mkono wa kupokea. Basi anayepokea kwa niaba yake asimame mbele, na sisi tuliotoa tuione noti ikifika.